Haki Kazini na Mizani ya Mfanyakazi

Neno haki katika Kiswahili hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Mtu husema, "Hii ni haki yangu," akikusudia kitu anachostahili kupewa. Na husema pia, "Hukumu ile ni ya haki," akikusudia namna jambo lilivyotendwa. Kifaransa, ambacho wanafunzi wetu wa Bujumbura hukutana nacho shuleni kila siku, hutenga maana hizo kwa maneno mawili, droit na justice. Kirundi nacho kina agateka upande mmoja na ubutungane upande wa pili. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kusimama hapo darasani na kumweleza mwanafunzi kwamba neno ni moja lakini maana ni mbili, na kwamba muktadha ndio utakaomwonyesha maana inayotakiwa. Kazini, hata hivyo, muktadha hausaidii sana. Mfanyakazi anaponung'unika kwamba "hapa hakuna haki", aghalabu yeye mwenyewe hajapambanua analalamikia lipi kati ya mawili: kitu alichonyimwa, au namna alivyonyimwa. Na mkuu wake, kwa kuwa husikia lile la kwanza tu, hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Tutoe mfano tulioushuhudia katika shule moja ya sekondari mjini Bujumbura, ambayo hatutaitaja jina. Kila mwaka walimu kadhaa huchaguliwa kwenda kusahihisha mitihani ya taifa. Kazi hiyo huchosha macho na mgongo, lakini ina posho, na kwa mwalimu ambaye mshahara wake humalizika kabla ya tarehe 15, posho hiyo ni karo ya mtoto au mabati ya nyumba. Mwaka huo orodha ilibandikwa ukutani siku ya Ijumaa mchana, bila ya sahihi wala maelezo. Mwalimu mmoja wa kike, mwenye miaka mingi kazini kuliko wengi wetu, hakuliona jina lake. Aliingia ofisini kwa mkuu wa shule. Sisi tulikuwamo humo kwa shughuli nyingine, tukasikia.

"Mkuu, sikuja kudai fedha," alisema. "Nimekuja kuuliza nimekosa nini."

"Mama, orodha imetoka juu," akajibiwa.

Alishukuru, akatoka. Tangu wiki ile hakubaki tena shuleni baada ya vipindi kuwasaidia wanafunzi wazito, jambo alilokuwa akilifanya kwa hiari yake miaka nenda miaka rudi. Hakugoma, hakuandika barua, hakukosa somo hata moja. Alitoa kile alicholipiwa, basi.

Miezi kadhaa baadaye tulikuja kufahamu kwamba orodha ile haikuwa na hila yoyote. Waliosahihisha miaka miwili mfululizo walipumzishwa ili wengine nao wapate zamu, na yeye alikuwa amekwisha kusahihisha miaka miwili. Kanuni ilikuwa njema. Pengine yeye mwenyewe, lau angalishauriwa, angaliiunga mkono. Na sisi je? Majina yetu yalikuwamo katika orodha ile. Twakiri kwamba siku ile ya Ijumaa hatukuona dosari yoyote ukutani, wala hatukujiuliza kanuni ilikuwa ipi. Mwamba ngoma, wasema wahenga, ngozi huivutia kwake. Na katika nchi ya ngoma kama Burundi methali hii haihitaji mfafanuzi.

Basi, mwalimu yule alidhulumiwa au hakudhulumiwa? Ukiitazama posho, hakudhulumiwa hata kidogo: zamu yake ilikuwa imepita. Wako watakaosema, kwa hiyo, kwamba malalamiko yake yalikuwa hisia tupu, na kwamba hisia si hoja. Sisi hatukubaliani nao, lakini twaona kwamba wasipuuzwe, kwa sababu wanalo jambo moja la kweli: mtu aweza kujiona ameonewa na asiwe ameonewa. Tatizo ni kwamba wanakomea hapo.

Suala hili ni kongwe. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, aliona kwamba haki ya kugawa ni uwiano: wasio sawa wakipewa sawasawa, au walio sawa wakipewa tofauti, hapo ndipo ugomvi huzuka. Karne nyingi baadaye, mwaka 1963, mwanasaikolojia wa Kimarekani John Stacy Adams aliihamishia fikra hiyo kiwandani na ofisini. Mfanyakazi, alisema, hupima anachotoa, yaani juhudi, elimu, miaka na uaminifu, kisha hupima anachopata, halafu huvilinganisha viwili hivyo na vya mwenzake. Mizani ikilala upande mmoja, hutafuta njia ya kuisawazisha. Kwa kuwa hawezi kujiongezea mshahara, hupunguza juhudi. Mwalimu wetu alifanya hivyo hasa, bila ya kumsoma Adams. Lugha yetu nayo ilikwisha kuliona jambo hilo: insafu, neno ambalo vijana hawalitumii sana siku hizi, latokana na shina moja la Kiarabu na neno nusu, kana kwamba mwenye insafu ni yule aipataye nusu iliyo nusu kweli.

Hata hivyo, mizani ya Adams ina kasoro ambayo kila aliyepata kukaa katika chumba cha walimu anaijua: mpimaji ni yule yule mdai. Kila mmoja wetu anazijua saa alizokesha akisahihisha madaftari, ila hazijui saa za mwenzake. Juhudi yangu naiona kwa ndani, na juhudi yako naiona kwa nje. Ndiyo sababu katika nyumba moja ya kazi watu kumi waweza wote, kwa moyo safi, kuamini kwamba kila mmoja wao anatoa zaidi ya wengine.

Ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, unaojulikana na Wakristo wengi wa Burundi tangu utotoni, wahusu jambo hili hasa. Mwenye shamba aliajiri watu alfajiri kwa dinari moja, akaajiri wengine mchana, na wengine saa moja tu kabla ya jua kuzama. Jioni akawalipa wote dinari moja moja. Waliotangulia wakanung'unika, ingawa walipata kile kile walichopatana. Mahubiri mengi tuliyoyasikia hukazia ukarimu wa mwenye shamba na wivu wa wafanyakazi. Sisi twapenda kuangalia jambo dogo zaidi. Mwenye shamba aliagiza malipo yaanzie kwa waliokuja mwisho. Angaliwalipa wa alfajiri kwanza, wangalikwenda zao na kulala usingizi mzuri, wasijue chochote. Yeye alitaka waone. Tena waliponung'unika hakuwaambia kwamba amri imetoka juu. Alimjibu mmoja wao, akamwita rafiki, akamweleza. Mtu aweza kuyakataa maelezo yale, na kusema kweli wafanyakazi wengi tuwajuao wangeyakataa. Lakini walipewa kitu cha kukataa.

Bujumbura ya leo ina shamba lake la mizabibu katika kila mtaa. Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi wa magari, tumewahi kukaa jirani na kundi la mafundi waliokuwa wakigawana mapato ya siku. Fundi mkubwa alizitandaza noti juu ya boneti, akatoa gharama ya vipuri, akatoa ya chakula, kisha akahesabu fungu la kila mmoja kwa sauti. Mwanagenzi alipata kidogo mno. Hakuguna. Alikuwa ameona kila noti ilikokwenda, na alijua ni siku ngapi zimebaki kabla fungu lake halijakua. Hatusemi kwamba kile alichopata kilitosha. Twasema kwamba alijua kwa nini ni kile.

Linganisha na hali ya watumishi wenye mishahara ya serikali. Katika miaka ya 2010 vyama vya wafanyakazi nchini Burundi vilizungumza na serikali kwa muda mrefu juu ya tofauti za mishahara baina ya watumishi wenye shahada zinazolingana, ambao waliwekwa chini ya sheria na kanuni mbalimbali kwa mujibu wa idara zao. Ukimsikiliza mwalimu au karani wa wakati ule, lililomchoma zaidi ni jirani yake wa nyumba, aliyesoma naye darasa moja, aliyepata zaidi kwa sababu tu idara yake ilitangulia kupata kanuni maalumu. Umaskini wa mshahara wake huvumilika kwa namna fulani, kwa kuwa ni umaskini wa nchi nzima. Tofauti isiyo na sababu haivumiliki.

Na wala sheria si kipimo cha kutegemewa daima. Mwaka 1988 mshahara wa chini kabisa uliwekwa kuwa faranga 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwengineko. Viwango hivyo viliendelea kutajwa kuwa ndivyo vya kisheria miongo mitatu baadaye, wakati ambapo faranga 160 hazikununua hata kilo moja ya mchele. Mwajiri aliyemlipa kibarua faranga 1,000 katika miaka hiyo aliweza kujisifu kwamba ameipita sheria mara sita. Hatujapata kumsikia kibarua aliyeona haki ndani ya hesabu hiyo.

Sasa turejee kwenye maelezo, maana hapo ndipo penye uzito, na ndipo penye hatari pia. Mwaka 1990 mtafiti Mmarekani Jerald Greenberg alichapisha habari za viwanda vitatu vya kampuni moja. Kampuni ilipoteza mikataba mikubwa, ikapunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10 katika viwanda viwili. Katika cha tatu mishahara haikuguswa. Katika kiwanda kimoja kati ya vile viwili, wakubwa walikaa na wafanyakazi, wakawaonyesha hesabu, wakajibu maswali na kuonyesha majuto. Katika cha pili walitangaza kwa dakika chache, wakaondoka. Wizi wa vifaa ulipanda kotekote mlikopunguzwa mishahara, lakini pale walipoelezwa vizuri ulipanda kidogo tu, na pale pengine ulipanda sana. Fedha waliyopungukiwa ilikuwa ile ile, na tofauti ilikuwa katika neno walilopewa.

Msomaji mwema atafurahi kusikia hayo, hasa akiwa mwalimu, maana sisi watu wa maneno twapenda kuambiwa kwamba maneno yana nguvu. Tusifurahi upesi. Habari hiyo hiyo yaweza kusomwa na mwajiri mjanja namna nyingine: kumbe waweza kuukata mshahara wa mtu, na ukimwambia kwa sauti ya upole hatakuibia! Neno tamu laweza kuwa ganzi. Tumewaona wakuu waliohudhuria semina za uongozi wakarudi na adabu mpya kabisa, wakisikiliza, wakitikisa kichwa, wakishukuru kwa maoni, na orodha zikabaki zile zile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba haki kazini ni kuelezwa tu. Kuelezwa si malipo, na njaa haishibi maelezo.

Ni maelezo gani basi yaliyo sehemu ya haki, na yapi ni ganzi? Hapa Burundi ina jambo la kutufundisha. Kwa karne nyingi magomvi ya vilimani yaliamuliwa na Bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao, ambao jina lao latokana na fimbo, intahe, iliyopigwa chini wakati wa kuhukumu. Hatutaki kuipamba taasisi hiyo kupita kiasi. Wanawake walikuwa nje yake kwa muda mrefu, na watawala wa zama mbalimbali waliichezea kwa manufaa yao. Lakini taratibu yake yafaa kukumbukwa. Mambo yalisemwa hadharani. Kila upande ulipewa nafasi ya kusema mpaka mwisho. Wazee walishauriana, kisha hukumu ikatolewa na watu wenye majina na nyuso, ambao kesho yake ungekutana nao njiani. Aliyeshindwa alijua ameshindwa na nani, na kwa hoja gani, na aliweza kuijibu hoja hiyo.

Kujibika huko ndiko twaona kuwa kipimo. Maelezo ya haki ni yale yanayompa msikilizaji nafasi ya kusema, "Hapo mmekosea," na ambayo, ikiwa kweli yamekosewa, hubadilika. Mkuu asiye tayari kubadili chochote hana haja ya kueleza, na afadhali anyamaze kuliko kuigiza.

Walimu wa lugha wana sababu ya kulitazama jibu la "orodha imetoka juu" kwa makini zaidi. Orodha haina miguu. Juu ni wapi? Kiswahili cha ofisini kimejaa sentensi za namna hii, nasi ndio tulioifundisha. "Imeamuliwa kwamba." "Imeonekana kuwa huduma zako hazihitajiki tena." Imeonekana na nani, kwa macho gani, siku gani? Kauli ya kutendwa ni pambo zuri la lugha yetu, na hatuna ugomvi nayo katika ushairi wala katika masimulizi. Katika barua ya kazi, hata hivyo, mara nyingi kazi yake ni kumficha mtendaji, ili aliyeumizwa asipate wa kumwuliza. Si ajabu kwamba katika Kiarabu shina la neno dhuluma ndilo lizaalo pia neno la giza. Mwalimu wetu alipoambiwa orodha imetoka juu, alizimiwa taa. Tangu hapo kila alichokidhania kilikuwa na nafasi sawa ya kuwa kweli: kwamba wanamwona amezeeka, kwamba kuna aliyehonga, kwamba ni kwa ajili ya mahali alikozaliwa.

Dhana hiyo ya mwisho si ndogo katika nchi hii. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliosimamiwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere na, baada ya kifo chake mwaka 1999, na Nelson Mandela, ulishughulikia pia suala la nani aliyefunguliwa na nani aliyefungiwa milango ya shule na ya kazi za umma. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka hesabu za wazi: katika serikali, Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi asilimia 40, na wanawake wasipungue asilimia 30. Hesabu hizo zina wapinzani wenye hoja nzuri, lakini zina sifa moja: raia yeyote aweza kuketi na kuzihesabu. Kasoro yake ni kwamba hazimwambii mtu mmoja mmoja kwa nini si yeye. Hilo lingali kazi ya mkuu aliye mbele yake, mezani, siku ya Ijumaa.

Kwa hiyo twajibu swali letu hivi: mwalimu yule hakudhulumiwa posho, alidhulumiwa jibu. Na jibu lilikuwa haki yake kwa maana ya kwanza ya neno, kitu anachostahili kupewa, kama vile posho ilivyokuwa haki ya wale waliokuwa na zamu. Kwamba hisia yake ilimdanganya kuhusu orodha hakumfutii deni yule aliyemwacha adanganyike.

Limebaki jambo moja, nalo latusumbua kuliko yote yaliyotangulia. Tumezungumza kana kwamba anayeonewa huhisi, na asiyehisi hajaonewa. Sivyo. Kanuni ya kujilinganisha na mwenzako ina upofu wake: mtu hujilinganisha na aliye karibu, na aliyezungukwa na wanyonge wenziwe hukosa wa kujilinganisha naye. Ubugererwa, ule mfumo wa mtu kulima ardhi ya mwingine na kumlipa kwa kazi na mazao kizazi baada ya kizazi, uliondolewa kisheria nchini Burundi mwaka 1977 tu. Hatuamini kwamba ulikuwa wa haki mwaka 1976 kwa sababu wengi walinyamaza. Na katika nyumba nyingi za Bujumbura, zikiwamo za walimu wanaonung'unikia orodha, yumo kijana aliyeshuka kutoka milimani, apikaye, afuaye, afunguaye lango usiku, ambaye ujira wake ulipangwa siku moja bila ya yeye kuulizwa, na haukupata kuzungumzwa tena.

Tulipokuwa tukiandika makala haya tulimwita anayetusaidia nyumbani kwetu. Tulimwuliza kama anauona ujira wake kuwa wa haki. Alisimama mlangoni, mikono ikiwa na maji bado, akanyamaza kitambo.

"Mzee," akasema, "nimekosa nini?"

Hatukuwa na jibu lililo tayari. Tulimwambia aketi.